Dawa ya Matende

Muuza mkaa alichungulia dirishani, akamwona muuguzi wa zahanati, akavuta pazia.

"Shoga, ni mimi!" muuguzi aliita. "Dawa ya matende, kama mwaka jana. Nikupime urefu nijue idadi ya vidonge, umeze, niende zangu."

"Leo sijisikii vizuri," sauti ilijibu nyuma ya pazia.

Fundi cherehani naye hakujisikia vizuri. Mwenye duka alikuwa safarini, ingawa kikohozi chake kilisikika hadi barazani. Mwaka jana watu hawahawa walimkaribisha kwa viti na vicheko. Sasa simu ya kampeni, aliyojazia taarifa za kila nyumba, ilijaa neno moja tu, "amekataa". Chini ya neno hilo alitakiwa kujaza sababu, na hakuna aliyekuwa radhi kuitaja.

"Achana nao, mke wangu. Watachoka wenyewe," mumewe alisema.

Tangu asubuhi alikuwa akimbebea boksi la dawa na fimbo ya kupimia urefu. Wanawake wa mtaa walimsifu kwa moyo wake. Miaka yote ya ndoa bila mtoto, kila mara mama yake alipomsimanga muuguzi mbele za watu, yeye ndiye aliyekatiza: "Mama, basi. Mimi nimeridhika naye." Muuguzi aliinamisha kichwa tu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shangazi yake, aliyemlea. Mume alibaki nje akitaniana na majirani. Shangazi alirudishia mlango.

"Hata wewe, shangazi? Na mguu umeshaanza kuvimba!"

"Heri mguu. Wajukuu zangu je? Watu wanaona haya kukwambia usoni, mwanangu. Wanasema dawa hizi zinaharibu kizazi, na mfano ni wewe."

"Nani kawaambia?"

Shangazi alishindwa kumtazama. "Mumeo. Alipita nyumba kwa nyumba, machozi yanamtoka. Alisema hata daktari amethibitisha."

Muuguzi alitafuta kiti kwa mkono, akaketi. Daktari alithibitisha, ni kweli, naye alikuwepo. Baada ya daktari kutoka, mumewe alipiga magoti palepale sakafuni, akamsihi asimwambie mtu yeyote, hata mama, kwamba asiyeweza kupata mtoto ni yeye mwanamume.