Harufu Kwenye Benzi ya Mzee Gichuru

Kibet alikuwa ameingiza pua kwenye tundu la AC kama ng'ombe anayenusa chumvi, na bado hakuweza kujua ni nini kilichooza humo ndani.

"Toa kichwa nifanye kazi," Ouma akamwambia.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, katika gereji ya Ouma karibu na reli mjini Eldoret, mwaka ule wa uchaguzi wa mlolongo, wapigakura walipopanga foleni hadharani nyuma ya wagombea. Gari lilikuwa Benzi nyeupe ya Mzee Gichuru, mwenye kinu cha unga, na Kibet alikuwa dereva wake. Kwa majuma kadhaa, AC ikiwashwa tu, harufu ya kitu kilichochacha ilijaa garini mpaka macho yakatoa machozi. Mama Njambi, mkewe Mzee, alikuwa ameweka malimau chini ya viti. Kibet aliongeza kahawa ya kusaga, halafu marashi ya dukani. Sasa gari lilinuka uozo uliojipaka marashi, na huo ndio uozo mbaya kuliko wote.

Kibet hakuwa akilala vizuri. Alikuwa ameonywa: Ijumaa ikipita hivi hivi, kiti cha dereva atapewa mtu mwingine. Na kule Kapseret mama yake, Jemutai, hakuwa na mwingine wa kumtegemea.

"Si mfungue tu madirisha?" Ouma akauliza.

"Tunafungua. Lakini Mzee ana kifua, na kesho tunapitia Timboroa kwenda Nakuru. Kule baridi si ya mchezo."

Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa lote. Siku hizo ofisini hukuamini ukuta, na hotelini hukumwamini weita. Mazungumzo yake ya maana Mzee Gichuru aliyafanyia garini, kwenye kiti cha nyuma, pamoja na wakili wake. Safari ya mwisho madirisha yalikuwa wazi, na upepo ulivuma hadi wawili hao wakachoka kupaaza sauti. Mzee akasema waache, wataongea wakifika. Kibet aliegesha gari jioni hiyo akiwa na hasira ambayo hakuweza kumweleza mtu.

Ouma alijaribu redio ili afanye kazi na muziki, akakuta kitufe kimeota vumbi. Kibet akamweleza kwamba huwa haiwashi kamwe watu wakiwa nyuma. Ouma akamsifu, madereva wenye adabu hiyo, alisema, walikwisha zamani.

Kisha akafungua boneti, akang'oa wavu ulio chini ya waipa, pale AC inapovutia hewa. Akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ulipotoka ulikuwa umeshika bonge jeupe lililochanganyika na nyasi. Akalinusa, akarudi nyuma.

"Haya ni maziwa," akasema. "Nani anakamua ng'ombe juu ya Benzi?"

Kibet akalitazama lile bonge. Alikumbuka.

Mama yake alipougua, ni Mzee Gichuru mwenyewe aliyeacha kinu chake akambeba katika Benzi hiyo mpaka hospitali ya misheni kule Plateau. Mama alipopona akamwalika Mzee nyumbani. Alichovya kishungi cha nyasi katika kibuyu cha maziwa, akanyunyiza boneti na kioo cha mbele, na kwa vile shukrani zilimzidi, akamimina kibuyu kizima. "Atakayeketi ndani ya gari hili," akasema, "adui asimfikie." Mzee hakujua Kikalenjin, kwa hiyo Kibet alimtafsiria. Mzee akavua kofia, akainamisha kichwa. Kisha Kibet alitaka kuchukua kitambaa, mama akamzuia, baraka haifutwi. Maziwa yakateremka yalikotaka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Ouma akasema akicheka, alipoelezwa.

Kibet hakucheka.

Ouma akaleta ndoo ya maji moto ya sabuni. Alipoiinua, akasita. Yeye pia alikuwa na mama.

"Ni baraka ya mzazi hii. Nimwage?"

Kibet aliitazama ile ndoo ikifuka mvuke. Alitamani mtu mwingine amjibie.

"Mwaga," akasema.

Ouma akamwaga. Akazibua kwa waya mpira wa kutolea maji, akasuuza kwa siki, akaacha feni ikivuma hadi kila kitu kikakauka. Ilipofika jioni, AC ilitoa hewa baridi isiyo na harufu yoyote.

Ijumaa Mzee Gichuru aliingia, akavuta pumzi, akasubiri kidogo, akavuta tena. Alimpiga Kibet begani kwa furaha.

"Umeniokoa, kijana wangu. Mama yako ajue amezaa mtu."

Madirisha yakapandishwa. Timboroa mvua ilikuwa ikinyesha, lakini ndani ya gari haikusikika. Kwenye kiti cha nyuma Mzee na wakili wake waliongea njia nzima kwa sauti ya chini, wametulia, kama watu walio nyumbani kwao. Kibet aliendesha polepole. Viganja vyake vililowa jasho, ingawa AC ilikuwa baridi.

Waliporudi Eldoret, jua halijatua, alimfikisha Mzee kwake, akaegesha Benzi, akatembea hadi hoteli moja ya chai nyuma ya soko. Mezani pembeni alikuwa akingojwa na mwanamume wa koti la kijivu lenye beji ya chama, yule aliyempa onyo la Ijumaa.

"Madirisha?" mtu huyo akauliza.

"Yalifungwa, afande," Kibet akasema. "Nimesikia yote."