Bangili ya Ansima

Kila Jumatatu baada ya chakula cha mchana navuta kigoda, namkalisha binti yangu mbele yangu, namsimulia tena jinsi wale watu walivyovunja mlango wetu na kumuua baba yake.

Sheria ndiyo inayotaka. Mtoto ni mkimbizi maadamu bado anaogopa, na hofu yake hupimwa na bangili aliyofungwa mkononi siku tulipovuka mpaka. Ikisoma chini ya arobaini, anapelekwa kwenye kituo cha kuzuilia watoto, asubiri kurudishwa nchini kwetu. Afisa huja kuisoma kila Jumanne.

Ansima ana miaka saba, na tatizo lake ni kwamba anapona. Amejifunza kuruka kamba. Juzi alicheka mpaka akapaliwa na uji, nami badala ya kumpiga mgongoni nikakimbilia namba ya bangili. Thelathini na sita. Ile kamba nikaificha juu ya kabati.

"Mama, leo tusisimulie," aliniomba wiki iliyopita. "Mbona naijua yote."

"Kaa, mwanangu."

Nimechoka. Mlango ule nimeuvunja mara mia kwa mdomo wangu mwenyewe, na marehemu sijamwacha apumzike hata wiki moja.

Jana nilivuta kigoda tu. Kabla sijasema neno, namba iliruka hadi themanini. Mtoto hakuwa akiutazama mlango. Alikuwa akinitazama mimi.

Leo afisa ameisoma, akaandika, akatabasamu.

"Hongera, mama Ansima. Bado ni mkimbizi."