Kilichomo Ndani ya Chungu

Muuguzi aligoma kupiga eksirei mpaka aambiwe umri wa mgonjwa.

"Miaka mia tatu," alisema Profesa Révérien, akiweka chungu mezani.

"Iko na mimba?"

"Hiyo ndiyo tunataka kujua."

Chungu kilifukuliwa mtaa wa Mutanga Sud na watu waliokuwa wakichimba choo, mdomo wake umezibwa kwa udongo mgumu. Kamati ya mambo ya kale, yenye wajumbe tisa na nyundo moja, ilitaka kukivunja Ijumaa ione kilichomo. Irène, mtunzaji wa makumbusho, aliwasihi mpaka akalia. Alikuwa amekisafisha kwa mswaki miezi miwili, alikipenda, basi. Wakampa profesa asubuhi moja tu aonyeshe maana ya chungu bila kukitia ufa.

Kliniki ilijaa watu. Profesa alipopewa bahasha yake, alikimbia nayo kwenye kamati, chungu kwapani, bila kuichungulia. Haraka haraka haina baraka, lakini methali si sayansi.

Aliinua picha dirishani.

"Mutazame! Fito zimepindwa, kumi na mbili kuume, kumi na mbili kushoto. Nguzo iko katikati. Hii ni nyumba ya mfalme, wameijenga ndani ya chungu! Na hapa chini, pete. Malkia aliolewa humu."

Mjumbe mmoja alifuta machozi. Mwingine alikumbuka ghafla kwamba fito za namna hiyo ni za ukoo wake.

"Na chungu chenyewe kiko wapi kwenye picha?" Irène aliuliza kwa woga.

"Madamu, miale imekipita. Sayansi ni hiyo."

Nani abishane na miale? Kamati ikapiga kura: chungu kisiguswe na nyundo milele. Irène alikikumbatia.

Simu ya profesa ikalia. Akaiweka kwenye spika, maana siku ya ushindi mtu hapokei pongezi peke yake.

"Profeseri, mutusamehe sana," alisema yule muuguzi. "Tulichanganya anvelopu. Huku tuko na mutoto wa miaka mbili, alimeza pete ya mama yake, na daktari anatuuliza juu ya nini huyu mutoto hana mbavu."