Shahidi wa Kipngeno

Usigeuze uso. Ulikuwepo Jumapili ile jina la Kipngeno lilipotajwa kanisani, ukajitia kutafuta wimbo kitabuni.

Houston, Februari 2003. Kipngeno yuko kizuizini, na Ijumaa hakimu wa uhamiaji ataamua kama anarudishwa Kenya. Amesema ukweli wake: anapenda wanaume, na kaka zake huko Kericho wameapa kumuua. Hakimu haamini. Ndani ya faili mna barua ya kanisa, iliyoandikwa kwa nia njema: kijana mcha Mungu, mchumba wa binti yetu Chebet.

Wakili alitaka shahidi mmoja tu, mtu anayejua Kipngeno aliishi na nani pale mtaa wa Alief. Nderitu, katibu wa kanisa, akachukua karatasi ya ushahidi akaanza kuzunguka.

Katika kitongoji cha Sugar Land, Mzee Modestus wa kanisa aliisoma, akairudisha kwa ncha za vidole.

"Katibu, juzi ulinisainisha barua ya kumwozesha kijana. Leo umeleta ya kumtaliki?"

Kule Pearland, muumini mwenzao Immaculate alikuwa ametoka shifti hospitalini, hata viatu hajavua.

"Mimi nina leseni ya unesi, Nderitu. Nina mabinti. Watu watasema nini?"

"Kaka zake watampokea uwanja wa ndege, dada. Mtu anayekunywa chai bila sukari, anayeimba akioga, anakwenda kufa kwa sababu nyinyi ni waoga."

"Sisi," alisema Immaculate. Alilitazama jaketi alilovaa, kisha akamfungulia mlango. "Hilo jaketi linakubana mabega, katibu."

Alhamisi alasiri wakili aliikunjua karatasi. Pa kutia sahihi palikuwa patupu.

"Hakuna hata mmoja?"

"Waoga wote." Nderitu alikuwa akilia kwa hasira. "Miaka minne wamekula naye, wamezika naye, leo hawamjui."

"Basi tumtafute mwenyewe. Huyo mwanamume aliyeishi naye, yuko wapi?"

Nderitu alitazama saa ya ukutani, kisha dirisha. Akaivuta zipu ya jaketi la Kipngeno mpaka kidevuni.

"Ana mke Nyeri," alisema. "Viza zao zimetoka wiki jana, mke na watoto. Na huyo mwanamume ni katibu wa kanisa."

Wakili akasukuma kalamu mezani.

Kesi ni kesho saa tatu asubuhi. Kalamu ni hiyo. Andika jina lako, Nderitu. Na wewe unayesoma, andika lako, leo.