Chai kwa Bwana Afya

"Sikuinywa, Shangazi, wallahi sikuinywa!" Mwatime aliingia jikoni mbiombio. "Nimetoka kwa bwana afya kuomba majibu ya vipimo vya maji ya bomba letu. Si sheria inaturuhusu? Akasema kiwanda cha ngozi kimekataa, eti ni siri ya biashara. Na mwenye kiwanda kakaa palepale, ananikodolea macho! Ikaja chai, ya maji ya bomba hilohilo. Nainua kikombe tu, bwana afya akanikanyaga mguu chini ya meza."

Shangazi aliacha kukoroga uji wa mtoto. "Akukanyage kwa nini?"

"Ndiyo majibu yenyewe hayo!"

Nje, gari la kiwanda lilisimama. Mwatime akaegemea mlango kwa mgongo.

"Mwaga uji, Shangazi. Yaliyobaki nitakwambia kesho."