Nungunungu na Barua ya Panya

Palikuwa na Nungunungu aliyeishi kwa kuwaandikia wanyama barua. Siku moja alipokuwa akimwandikia Panya barua ya posa iliyongojwa jioni hiyo, Simba aliingia.

"Acha hiyo. Niandikie mimi kwanza."

Nungunungu hakuiweka kalamu chini. "Shikamoo, mzee. Panya ametangulia. Nikimaliza yake, nitaandika yako."

Panya akamnong'oneza, "Mwandikie tu, ndugu yangu, tutaliwa!"

"Nikikuvunjia wewe ahadi, hata yeye nitamvunjia."

Simba alisikia. Waandishi wake wote walikuwa wakimwitikia "Ndiyo, mzee," na hakuna barua yake iliyowahi kufika kwa wakati. Akaketi nyuma ya Panya, akangoja zamu yake.