Mkono wa Kushoto

Rukaiya Shomvi aliporudi mjini kwao na tuzo kubwa ya uandishi aliyopewa ughaibuni, ukumbi ulifurika. Meya, Mzee Kibonde, alimvisha shada la maua, akampa mkono. Zamani Kibonde alikuwa mkuu wa gereza, na Rukaiya mfungwa wake, aliyefungwa kwa sababu ya shairi. Rukaiya alimpa mkono wa kulia, wenye vidole vilivyopinda, akaubana wa meya asiuachie.

“Karibu nyumbani, mwanangu,” meya alisema. “Waambie watu tulivyokulea.”

“Nitawaambia, mzee.”

Akamvuta hadi kwenye maikrofoni.

“Wengi mnaniuliza kwa nini naandika kwa mkono wa kushoto. Aliyenifanya nijifunze ni meya wetu. Huu wa kulia aliuvunja yeye mwenyewe, kwa kitako cha bunduki. Naomba awaeleze.”

Siku hii alikuwa ameingoja tangu gerezani. Akamkabidhi meya maikrofoni, akaenda kuketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Katika safu ya mbele, mke wa meya alikuwa akiitazama mikono ya mumewe.